Baridi ya Lushoto, joto la Tanga na usingizi wa jirani

Anayepanda kutoka Mombo kwenda Lushoto katika mwezi wa Februari hushuhudia jambo dogo ambalo wenyeji wamelizoea. Pale Mombo, chini ya milima, madirisha ya gari yamefungwa na kiyoyozi kinavuma. Barabara inaanza kujipinda, maporomoko ya Soni yanabaki nyuma, na dereva, bila kuombwa na mtu, hunyoosha mkono akakizima. Madirisha yanafunguliwa. Hewa inayoingia inanukia majani mabichi na moshi wa kuni, na garini kunakuwa kimya kiasi kwamba abiria waliokuwa wakizungumza hugundua kuwa walikuwa wakipiga kelele.

Lushoto ipo katika mwinuko wa takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Mombo ipo karibu mita 1,000 chini yake. Kwa kawaida kila mtu anapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi sita hivi. Wajerumani walilijua hilo. Walipaita mahali hapo Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao, wakapafanya pahala pa kukimbilia joto la pwani. Katika miaka hiyohiyo, mwaka 1902, mhandisi wa Kimarekani Willis Carrier alikuwa akibuni mtambo wa kudhibiti unyevu wa hewa katika kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, New York, kwa sababu karatasi zilikuwa zikitanuka na wino ukikosa kukaa mahali pake. Kiyoyozi, kwa hiyo, kilianza kwa kuihudumia karatasi kabla ya kumhudumia binadamu.

Sisi tuliozaliwa Usambara hatukuwahi kukihitaji. Shida yetu ni ya upande wa pili: Juni na Julai usiku ni wa mablanketi mawili, na zipo familia ambazo huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango. Niseme hapa, ingawa si mada ya leo, kwamba mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu wakiwa usingizini. Jiko likae nje.

Lakini watoto wa Lushoto hawabaki Lushoto. Tumeshuka Tanga, tumekwenda Dar es Salaam, wengine wamevuka hadi Muscat, na wazee wetu wanapougua hutufuata huku joto liliko. Hivyo ndivyo mama yangu alivyokuja kukaa nasi Ngamiani, mjini Tanga, mwanzoni mwa mwaka 2025, ili ahudhurie kliniki kila wiki kwa ajili ya miguu na shinikizo la damu. Mama alikuwa amelala zaidi ya miaka sabini katika ubaridi wa mlimani. Usiku wa Tanga katika Februari ulimshinda. Alikuwa akikaa kitandani akijipepea kwa ukili mpaka alfajiri, na asubuhi miguu imevimba kuliko ilivyokuwa jana.

Nikaenda dukani. Nilifanya kama wafanyavyo wengi wetu: nikauliza bei, nikauliza udhamini, nikauliza kipi chenye nguvu. Muuzaji akanishauri nichukue cha BTU 18,000, kwani chumba kitapoa upesi. Fundi aliyeletwa na duka alimaliza kazi baina ya adhuhuri na alasiri. Sehemu ya nje, ile yenye kompresa na feni kubwa, aliifunga juu ya vyuma viwili vilivyochimbiwa ukutani, upande wa uchochoro. Mama alilala usiku ule, alhamdulillah, na nyumba nzima ikafurahi.

Ng'ambo ya uchochoro ule, hatua mbili tu kutoka ukuta wetu, anaishi mzee mmoja aliyefundisha madrasa kwa miaka mingi, ambaye mtaa mzima humwita Maalim. Siku ya nne alinisubiri baada ya sala ya isha. Tukasalimiana, akamuulizia mama, akamwombea dua. Kisha akasema, "Mwanangu, nakuuliza tu. Hiyo mashine yenu hulala saa ngapi?"

Nikamjibu kwa mzaha kwamba hulala mama anapoamka.

Akacheka. "Basi mimi na yeye tumepishana zamu," akasema, akaenda zake.

Sikulielewa neno lile mpaka mke wangu aliponieleza alichokisikia kwa wanawake: kwamba mke wa Maalim, ambaye naye ni mgonjwa, alikuwa amehamisha godoro na kulala ukumbini, kwa sababu dirisha la chumba chao linatazamana na mashine yetu. Habari ile ilimfikia na mama. Jioni yake alinikabidhi rimoti. "Zima," akaniambia. "Mimi siwezi kulalia usingizi wa mwenzangu." Akalala siku mbili katika joto, na siku ya tatu kliniki walimkuta na shinikizo lililopanda.

Ndugu msomaji, sote tumesikia mimbarini jinsi Jibril alivyomuusia Mtume (s.a.w.) juu ya jirani hata akadhani kwamba jirani angepewa fungu katika mirathi. Tunapolisikia neno hilo huwaza chakula, mgonjwa na jeneza. Ni wachache wanaowaza kompresa. Na mashine hii, kwa maumbile yake, haitengenezi baridi, bali hulihamisha joto kutoka ndani kwako na kulimwaga nje, pamoja na mvumo. Swali la kwanza kabla ya kununua lilipaswa kuwa ni kwa nani tunalimwaga.

Kwa ushauri wa jamaa tulimpata fundi mwingine, mtu mzima wa Korogwe aliyesomea ufundi wa majokofu na viyoyozi katika chuo cha VETA. Alikaa uchochoroni saa nzima bila kufungua mkoba wake. Aliwasha, akazima, akaweka kiganja ukutani kwetu, kisha akaomba ruhusa akaweka kiganja ukutani kwa Maalim. Alipomaliza alisema kwamba mashine haina ubaya wowote. Tatizo ni kwamba ni kubwa mno kwa chumba kile, imetundikwa mahali pasipofaa, na imefungwa kwa haraka.

Tuanze na ukubwa, kwani hapo ndipo wengi wetu hudanganyika. Chumba cha mama kina mita tatu na nusu kwa nne, yaani mita za mraba 14. Makisio yanayotumiwa na mafundi katika nchi za joto ni BTU 600 hivi kwa kila mita ya mraba, na hesabu hiyo inatoa 8,400. Kiyoyozi cha 9,000 kingetosha. Cha 18,000 hukipoza chumba kwa dakika chache, kikazima, joto likarudi, kikawaka tena kwa mshindo, na hivyo usiku kucha. Mtu aliyelala huweza kuuzoea mvumo usiobadilika. Kinachomgutusha ni kuanza na kukoma. Isitoshe, mashine inayofanya kazi kwa vipindi vifupi haipati muda wa kuukausha unyevu, na Tanga kinachomtesa mtu ni unyevu kama joto lenyewe. Ndiyo maana mama alikuwa akisema chumba ni baridi lakini shuka ni mbichi.

Aina inayoitwa inveta, ambayo Wajapani waliiingiza majumbani mapema katika miaka ya 1980, hutofautiana hapo. Kompresa yake haijui kuwaka na kuzima tu. Chumba kikishapoa hupunguza mwendo, ikaendelea polepole kwa sauti ya chini na umeme mchache zaidi. Bei yake ni kubwa kidogo, lakini kwa chumba cha kulala, ambamo mashine hukesha, tofauti hiyo hurudi katika luku. Pale sebuleni panapowashwa saa moja kwa ajili ya wageni, sioni haja sana.

Namba za kelele nazo zina hila zake. Katika karatasi ya maelezo huandikwa desibeli za namna mbili: nguvu ya sauti inayotoka katika mashine yenyewe, na kiwango cha sauti kinachofika sikioni kwa umbali fulani, mara nyingi mita moja. Ya kwanza siku zote huonekana kubwa. Muuzaji hupenda kukutajia ya pili, tena ya sehemu ya ndani, tena feni ikiwa chini kabisa. Ukiambiwa "desibeli 20", uliza ni ya wapi, kisha uliza ya sehemu ya nje, kwani hiyo ndiyo atakayoisikia jirani. Usilinganishe namba ya aina moja ya kampuni hii na namba ya aina nyingine ya kampuni ile.

Tena desibeli hazijumlishwi kama shilingi. Mashine mbili za 50 zikiwekwa pamoja hutoa 53, si 100. Kwa upande mwingine, ongezeko la desibeli 10 masikioni mwa binadamu ni kama sauti imekuwa maradufu, hivyo tofauti ya 45 na 55 si ndogo kama inavyoonekana kwenye karatasi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilipendekeza kelele ya mfululizo ndani ya chumba cha kulala isizidi desibeli 30 ili mtu apate usingizi mzuri. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hupungua kwa desibeli sita: inayosikika 50 kwa mita moja husikika 38 kwa mita nne. Lakini uchochoro wa Ngamiani si mahali pa wazi. Ni kuta mbili zinazotazamana, sauti ikigonga hii na kurudi ile, na karibu hakuna kinachopotea kabla ya kufika dirishani kwa mzee wa watu.

Na tuliitundika ukutani. Ukuta wa tofali, fundi alinieleza huku akiugonga kwa kifundo cha kidole, ni ngoma. Mtetemo wa kompresa hupita kwenye chuma, ukaingia ukutani, ukatokea chumbani kwetu kama mngurumo ambao tulidhani unatoka katika sehemu ya ndani. Alishusha ile sehemu ya nje, akaijengea kitako cha zege uani, upande ambao hauna dirisha la mtu, akaiweka juu ya raba nene nne, wala kitako hakikugusana na ukuta wa nyumba. Nyuma aliacha nafasi ya kiganja na nusu, mbele akaacha zaidi ya mita nzima, kwa kuwa feni inayokosa pumzi hukazana, na ikikazana hupiga kelele. Alikataa kuiweka katika pembe ya ua ingawa ndiko kulikokuwa na nafasi. Pembe, alisema, hukusanya sauti na kuirusha kama mdomo wa tarumbeta.

Kuihamisha kulihitaji bomba za shaba zenye urefu wa mita saba. Hapo nikajifunza jambo jingine. Yule fundi wa kwanza, baada ya kuunga bomba, alifungulia gesi kidogo ili isukume nje hewa iliyokuwamo, akafunga, akaondoka. Huyu alitoa pampu ya kunyonya hewa, akaifunga kwenye bomba na kuiacha ikifanya kazi zaidi ya nusu saa, kisha akasubiri tena akiitazama saa ya kipimo kama sindano itarudi. Hewa na unyevu vikibaki ndani ya bomba, kompresa hufanya kazi kwa shinikizo kubwa kuliko inavyopaswa, hupiga kelele na hufa mapema. Gesi inayotumika katika viyoyozi vingi vipya, R32, inaweza pia kushika moto, basi si ya kuchezewa karibu na jiko. Nchi zilizokutana Kigali mwaka 2016 zilikubaliana kupunguza gesi za jamii hii kwa sababu ya joto zinaloliongezea anga, na kuifungulia ovyo ili kuokoa nusu saa ni dhuluma ndogo ambayo hakuna anayeihesabu. Mkumbuke pia kwamba gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari. Fundi anayekuja kila mwaka "kuongeza gesi" bila kutafuta mahali inapovujia anakuuzia hewa.

Sehemu ya ndani nayo ina adabu zake. Bomba lililopindwa kwa nguvu mpaka likabonyea hupiga mluzi. Mpira wa kutolea maji usiokuwa na mteremko hubwabwaja usiku na mwishowe humwaga maji ukutani. Bamba la nyuma lisilokaa sawa hutetemeka. Fundi aliihamisha kutoka juu ya kichwa cha mgonjwa, akaifunga ukuta wa pembeni, ili upepo upite juu ya miguu usimpige kifuani. Umeme aliuvutia waya wake peke yake kutoka kwenye boksi la swichi kuu, na akaunganisha waya wa ardhini, ambao wa mwanzo aliuacha ukining'inia.

Ile mashine kubwa hatukuiacha. Tulimwuzia shemeji mwenye duka Mombo, kwa hasara ambayo sitaitaja kwa kuwa mke wangu husoma gazeti hili, tukanunua inveta ya 9,000. Lakini kabla ya hiyo fundi alitulazimisha tufanye kitu ambacho hakikuwa kazi yake. Alitazama juu akaona bati tupu. "Mnataka mashine ishindane na jua?" aliuliza. Tukaweka dari ya mbao nyembamba, tukaziba nyufa za dirisha, tukatundika pazia zito upande wa magharibi na kivuli cha makuti nje yake. Mama alipoona dari inafungwa alisema hilo yeye angetuambia tangu siku ya kwanza kama tungemuuliza. Nyumba yake kule Lushoto ni ya udongo, kuta zake zina unene wa mkono kutoka kiwikoni hadi vidoleni, na adhuhuri ya jua kali ndani hamna joto, na usiku wa Julai hamna baridi kama ya nje. Hajawahi kulipia kimya kile hata senti.

Ningekuwa naanza upya ningeanzia hapo, na dukani ningekwenda mwisho. Kivuli na dari vikishafanya kazi, mashine ndogo inatosha, na mashine ndogo inayokwenda polepole ndiyo iliyo kimya kuliko zote, hata kama karatasi ya ile kubwa imeandikwa namba nzuri. Huiweka nyuzi 26, feni ya dari ikizunguka taratibu, na mgonjwa halalamiki.

Siku ya kuiwasha fundi alinituma kwa Maalim. Hakutaka kupima kutoka kwetu. Tulikaa chumbani kwake, yeye, mimi na mzee, dirisha wazi, saa nne ya usiku. Tukasikia pikipiki ya barabarani na mtoto analia nyumba ya tatu. Maalim akauliza kama tumekwisha kuiwasha. Ilikuwa imewaka tangu magharibi.

Ipo sheria pia, kwa wasiobahatika kupata jirani kama huyu. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na chini yake kuna kanuni za mwaka 2015 za viwango vya kelele na mitetemo, ambazo viwango vyake vya usiku katika makazi ni vya chini kuliko vya mchana. Malalamiko huweza kupelekwa serikali ya mtaa, na hata NEMC. Lakini nimeishi Ngamiani muda wa kutosha kujua kwamba mtu atakayekwenda huko dhidi ya jirani wa uchochoro mmoja ni yule ambaye amekwisha kunyamaza kwa miaka. Maalim alikuja siku ya nne, na alikuja na swali. Wengine wangehamisha magodoro yao na sisi tusijue mpaka leo.

Ramadhani ya mwaka huo iliingia mwezi Machi, joto likiwa kileleni na masika bado. Mama alifunga siku alizoruhusiwa na daktari. Usiku wa manane, kabla ya daku, niliweza kusikia kupitia ukutani kisomo cha Maalim, sauti ndogo ya mtu anayesoma mwenyewe. Katika wiki zile za kwanza ilikuwa imefunikwa kabisa, na sikuwa nimetambua kuwa haipo.

Mwezi Mei mama alirudi Lushoto. Hupiga simu kila Ijumaa. Huuliza watoto kwanza, kisha mke wa Maalim, kisha chujio la ile mashine kama nimelisafisha, kwani fundi alisema mbele yake kwamba lioshwe kila wiki mbili, na kwamba chujio lenye vumbi huifanya feni ivume tena. Huwa namjibu ndiyo. Ijumaa iliyopita nilikata simu, nikachukua kigoda nikaenda kulifungua.